Jumanne, Ghorofa ya Tatu

Mezani pangu pana bakuli la peremende,
karatasi laini za kufutia machozi,
na fomu ya kurasa nne, yenye visanduku
ambamo mtu hutia tiki asili yake
kabla hajasema kinachomliza.

Kirsten Lindqvist huja kama aendaye kwa daktari wa meno.
Hukung'uta theluji, husalimu, huketi,
huijaza fomu huku akitafuna ubani.
Mama yake alikuwa na mshauri nasaha, na bibi yake pia;
kwao kilio kina saa yake, na bima hulipa.
Simlaumu. Maumivu yake ni maumivu.
Nasema tu, kitasa cha mlango huu anakijua.

Amari Gaines haingii.
Kila Jumanne, saa nane na robo, hupanda ngazi zote
kuja kunywa maji kwenye bomba la korido yetu,
ilhali bomba liko pia chini, karibu na darasa lake.
Hunywa muda mrefu.
Husoma bango lile lile, *Hauko Peke Yako*,
vijana wanne wanacheka,
mmoja mweusi kiasi cha kutosha tangazo.
Kisha hushuka.

Muhula uliopita mkurugenzi alituonyesha chati,
nguzo ndefu, nguzo fupi.
"Wengine hawaji," akasema. "Tuongeze vipeperushi."
Katika nguzo fupi nilimwona Pakou Vang,
aliyekuja mara moja, Oktoba,
akakwama ukurasa wa pili:
*Nani katika ukoo wako ana ugonjwa wa akili?*
Akaniuliza kama bibi yake ahesabiwe,
yule alalaye na taa inawaka
tangu avuke Mekong usiku na watoto wawili,
akafika ng'ambo na mmoja.
Sikujua. Mekong haina kisanduku.
Pakou hakurudi. Kalamu yetu aliirudisha kwa posta.

Mama yangu alifagia ofisi za Saint Paul miaka ishirini na sita.
Ya nyumbani hulala nyumbani, alisema,
yakizidi mpelekee Mungu,
na karatasi usiyoiandika haiwezi kukushitaki.
Wahenga nao: mficha maradhi, kifo humuumbua.
Sawa. Na ayafichuaye mbele ya asiyemjua,
yeye huumbuliwa na nani?

Jumanne hii, baridi ya kukata masikio,
Amari alikunywa, akafuta mdomo, akaja hadi mezani.
Akachukua peremende. Hakuifungua.
"Kuna mtu humu," akasema, kwa sauti ya kuulizia choo,
"ambaye sitahitaji kumweleza kwanza?"
Hakutaja kumweleza nini. Sikuuliza.
Yupo mmoja. Daktari Ottley, Jumatatu na Alhamisi.
Nikafungua kalenda: Aprili tisa.
Niliisoma tarehe ile kwa aibu,
kana kwamba theluji yote ya Februari nimeishusha mimi.

Akacheka kwa pua. "Aprili nitakuwa nimepona
au nimefeli."
Hata hivyo akavuta fomu, akaandika jina,
mwandiko wa kupendeza, wa mtoto aliyesimamiwa na shangazi.
Visanduku akaviruka vyote.

Simu ikalia. Nilipoinua macho hakuwepo.
Nimemwandika Aprili tisa, kwa penseli.
Nilikuwa ninaandika bado
niliposikia maji koridoni,
yanatiririka, yanatiririka.