Maoni kutoka Kiti cha Saba

Mlitaka maoni. Haya, chukueni.
Naandika nikiwa Pangani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la spea za pikipiki,
kiti cha saba, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya.
Shilingi hamsini kwa saa, na saa ya Musyimi hukimbia.

Kwanza, wapiga mishale wenu.
Mshale unapenya ukuta wa mawe kama harufu ya kitunguu.
Nimejenga ngome siku tatu, nikachimba handaki,
nikapanga mikuki kama meno ya kitana,
na bado mishale inaingia,
inawafuata watu wangu jikoni wakisonga ugali.
(Najua hamkuweka ugali kwenye mchezo.
Ule moshi, mimi nimeamua ni wa ugali.)

Pili, joka. Ni ghali, sawa,
lakini likishanunuliwa vita vimekwisha.
Mwenye dhahabu ananunua joka, asiye nayo ananunua majuto.
Hilo tunalo huku nje, bure.
Hatukulipa hamsini kuja kulitazama tena.

Tatu ni hili la kucheza wengi.
Jumanne tulikuwa wanne: mimi, Lekishon,
Achola wa kiti cha pili,
na mtu wa mbali ambaye jina lake lilikuwa namba tupu.
Tulikula yamini. Achola akashika daraja,
Lekishon akaingia msituni na farasi wake,
mimi nikabaki na lango.
Tulipigana vizuri usiku ule, jamani,
hata Musyimi aliacha kuhesabu sarafu
akasimama nyuma yetu, chai ikimpolea mkononi.

Kisha stima ikapotea mtaa mzima.

Feni ilijizungusha mara ya mwisho, ikachoka.
Mtu alitukana kwa sauti ya chini.
Dirishani, magari ya Barabara ya Thika
yaliendelea kupita na taa zake, kana kwamba hakuna kilichoanguka.

Iliporudi, dakika kumi na tisa baadaye,
mchezo wenu ulikuwa umetuandika: WATORO.
Neno hilo limekaa kwenye jina langu hadi leo
kama alama ya chanjo.
Tenganisheni, tafadhali.
Kuna anayekimbia vita
na kuna anayekatiwa stima.

Lakini ngojeni.
Yule wa namba tupu hakuondoka.
Tulirudisha picha za pambano nyuma, tukatazama:
alikuwa juu ya mlima wake, salama, hana wa kumgusa.
Akashuka.
Akaja na askari kumi na mmoja
akasimama langoni, lango langu, si lake,
akalishika mpaka wa mwisho wao alipolala.
Hakuandika neno. Labda hajui lugha yetu.
Achola anasema alibofya vibaya, usingizi tu.
Lekishon alicheka, kisha akanyamaza.
Mimi sisemi kitu.

Ndiyo maana la nne si lalamiko.
Askari akifa, mnamfuta baada ya sekunde tatu.
Naelewa, mashine isilemewe,
na hizi za Musyimi ni kongwe, zinapumua kama wazee wa pumu.
Ila muacheni kidogo.
Nilirudi langoni nikakuta nyasi,
kijani kibichi, hazijakanyagwa na mtu,
nikakosa pa kuweka macho.
Sekunde sitini zingenitosha.
Hata arobaini.

Na kama kuna namna ya kumfikishia yule wa namba
neno moja, lolote, kwa lugha yake,
mtachagua wenyewe. Mimi ningeanza na "ahsante",
kisha ningemwambia asirudie tena, lango lenyewe lilikuwa la mbao.

Musyimi anagonga meza kwa ufunguo.
La farasi nitaandika nikipata hamsini nyingine.