Magunia Matano na Debe

Pale Kibaigwa, kwenye mizani ya mahindi,
nilipanga foleni nyuma ya Fuso tatu
na trekta lenye tela la alizeti.
Mpimaji alichungulia dirishani, hakuona kitu;
ikabidi asimame, ainamishe shingo:
"We bwana, hilo gari umelipanda au umelivaa?"

Nimelivaa. Linanibana kiunoni
kama suruali ya shule ya mwaka juzi.

Akaandika kwenye karatasi ya wakulima,
maana karatasi nyingine hana:
Mzigo, gari. Uzito, magunia matano na debe.
Kadi ya usajili inalala kabatini.
Risiti ile ndiyo ninayoonyesha watu.

Lilikuja ndani ya makreti matatu kutoka Uingereza,
na kitabu kilichosema kazi ni ya majuma sita.
Tulichukua miaka minne, mimi na Ndahani wa Chang'ombe,
yeye na mashine yake ya kuchomelea
inayozimika kila jirani akiwasha pasi.
Injini ni ya Corolla iliyogonga punda huko Manyoni.
Viti alishona Sechelela, fundi makochi;
kitambaa kikabaki, akanishonea na mto
wa kuninyanyua nione barabara.

Kila tulipofunga kitu Ndahani aliuliza,
"Hiki nacho kina kazi gani?"
Kilichokosa jibu kilitoka.
Redio ilitoka. Milango ilitoka.
Kioo cha mbele kilibaki upana wa kiganja,
kazi yake kuzuia nzi,
na kazi yenyewe kimeishindwa.
Nikamwambia, ndivyo na shairi:
mizani ikizidi, unakata.
Akaniambia nishike bomba vizuri.

Nyemo, mke wangu, alihesabu mabati ya alumini,
akatazama jiko letu, akayahesabu tena.
Swali lake lilikuwa moja: "Paa?"

Wanasema mji huu ulipata jina
kwa tembo aliyedidimia matopeni.
Watoto wa Nkuhungu wanaamini na mimi nimedidimia;
mmoja alinijia mbio na kamba, anivute.
Tuta la shuleni nalipita kimshazari, pole pole,
tumbo ndani, pumzi nimeibana,
kama mwizi anayepenya chini ya seng'enge.
Trafiki wa Ihumwa alinikuta sina wipa.
Nikamwuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.
Alicheka sana. Faini nililipa.

Lakini saa kumi na mbili asubuhi, njia ya Kondoa,
makalio yako shubiri moja juu ya lami,
unajua hasa pale mkandarasi mmoja alipoishia
na mwingine akaanza.
Baridi inakuingia kwenye mikono ya shati.
Unapita katikati ya harufu: mbuzi, moshi wa kuni,
vumbi lililolala usiku kucha bila kukanyagwa.
Gia ya tatu iko mbali na ya nne
kama urefu wa kiberiti.
Kona za Kolo unazitazama tu,
nalo limekwisha geuka.

Desemba, Jumapili, Nyemo alikubali kupanda.
Tulikuwa tumeipita Haneti.
Tone la kwanza lilimpiga shavuni kama punje ya mtama,
la pili mimi, kwenye jicho,
kisha hakukuwa na kuhesabu.
Ugogo hakuna mdomo wa kuilaani mvua.
Waliokuwa mashambani walisimama na majembe yao,
wakatupungia kama maharusi.
Nyemo alivua kilemba akakikalia kisipeperuke,
akageuka, akapaza sauti, akasema neno
ambalo upepo ulilichukua lote.
Nimemwuliza mara mbili. Halirudii.

Tulifika nyumbani maji yakiwa ya vifundo vya miguu.
Jumatatu Ndahani alileta drili,
akatoboa sakafu, tundu mbili za ukubwa wa shilingi,
akaokota vile vipande viwili vya bati,
akavitikisa kwenye kiganja.
"Tumepunguza tena," akasema.