Pasipoti Saizi

Mto wetu uliitwa Maji ya Chai kabla sijazaliwa,
na rangi yake haijawahi kumdanganya mtu.
Sisi ndio tuliojidanganya: tukayanywa,
tukayapikia maharage kwa magadi,
tukasema maji hayana adui.

Studio yangu inatazamana na mashine ya kusaga.
Kiti kimoja, pazia la bluu, taa mbili.
Miaka thelathini na tisa nasema yaleyale:
kidevu juu, usipepese.

Mwaka wa kwanza mwalimu aliniletea darasa la kwanza lote.
Nembris, mama yake muuza ndizi,
na Aikande, binti wa meneja wa shamba la kahawa,
walikataa kupigwa mmoja mmoja.
Wakakumbatiana, mapengo wazi,
wakacheka mpaka mkono wangu ukatikisika.
Meno ya maziwa hayajui mshahara wa baba.

Kisha yakaota ya pili.

Kwa kina Aikande gari lilipandisha madumu kila Jumamosi
kutoka chemchemi ya mbali.
Kwa kina Nembris ndoo ilishuka mtoni,
na mama akayachemsha, kama nesi alivyofundisha.
Hakuna aliyemwambia
kwamba moto huua mdudu,
na kilichomo humu si mdudu.
Kadiri yalivyochemka ndivyo yalivyokolea.

Alipokuja wa miaka kumi na minne
nilimtania, cheka kidogo basi.
Akafunika mdomo kwa kiganja.
Nikanyamaza. Mimi pia huchekea kiganjani.

Alipotaka picha ya kitambulisho cha shamba la maua
nguo yake ilinuka dawa ya kupulizia.
Itaonyesha tumbo?
Hapana, hii inaishia mabegani.
Afadhali, akasema, wasione.

(Mwanawe nilimpiga picha ana miaka sita,
kwa juu tu, mama alivyoomba.
Magoti yalikuwa yanagombana njiani.)

Mwezi uleule Aikande alileta familia kwa ajili ya bima,
mume, pacha wawili, hata mkwe.
Alilalamikia foleni ya hospitali.
Sikuona ubaya wake. Foleni ni foleni.
Ila Nembris naye alikuwa na foleni yake:
balozi, mtendaji, mhuri, rudi kesho,
kwa barua ya msamaha wa matibabu,
na barua ya kuthibitisha kwamba huna kitu
inadai picha nne.
Sikuchukua hela yake. Sisemi nisifiwe;
za wengine nilichukua.

Mwishoni shingo ilimkakamaa,
akiitwa aligeuka mwili mzima, kama mlango.
Figo, walisema. Wengine, presha.
Arobaini na tatu.
Kaka zake wakaja na daftari la michango:
tutolee moja ya kuweka juu ya jeneza,
anayocheka.

Nilipekua droo mpaka adhana ya alfajiri.
Mdomo umefungwa. Umefungwa. Umefungwa.
Kwenye kompyuta naweza kuyang'arisha meno kwa dakika moja,
nimeng'arisha ya nusu ya kata hii,
lakini lazima mtu awe ameyatoa nje kwanza.

Jana Aikande aliegesha gari mbele ya mashine ya kusaga.
Anamfuata mwanawe anayesomea ng'ambo.
Ngozi laini, magoti mepesi, ananipa mkono kwa heshima.
Nami, sijui kwa nini, nikamwekea mezani
ile picha ya mapengo.

Akaitazama kwa muda. Akacheka kwa sauti,
meno yote nje, mazuri, hana hatia nayo.
Nembris! Tulikuwa dawati moja.
Yuko wapi siku hizi?

Mashine ya kusaga ikawashwa, nikaishukuru.
Nikarekebisha taa ya kushoto.
Nikamwambia akae sawa, kidevu juu,
afunge mdomo.

Pasipoti haitaki mtu anayecheka.