Upawa

Mimi ni mpishi. Miaka kumi na tisa
nimenusa kabichi hadi ndotoni.
Shuleni kwetu, chini ya milima ya Slovakia,
chakula cha mchana kina kengele mbili:
ya kwanza ya watoto wa mjini,
ya pili ya watoto wa bondeni, Waroma,
wanaosubiri ukumbini na makoti yao mwilini
huku supu ikifanya utando.

"Ni suala la nafasi," husema mwalimu mkuu.
Nami ndiye nifutaye meza. Idadi ya viti naijua.

Sikunyamaza kabisa, nilijiambia.
Kengele ya pili ikilia nilizamisha upawa hadi chini kabisa,
kwenye dengu na vipande vya nyama,
nikawamiminia wao ile nzito.
Hakuna aliyeniona. Nikarudi nyumbani mwepesi
kama mtu aliyemaliza deni.

Mpaka Margita Balogová, mama yake Renátka,
aliponikuta kituoni, theluji ikianguka.
Nikamweleza habari ya upawa. Nilitaka ajue.
Akasikiliza hadi mwisho, akajikung'uta bega.
"Kwa hiyo miaka yote hii," akauliza,
"uliyekuwa ukimshibisha ni nani?"

Basi lilichelewa sana siku hiyo.

Alhamisi nikaingia kwake kwa mara ya kwanza.
Wanawake kumi na mmoja, na mtoto amelala juu ya rundo la makoti.
Nikaanza: nitaongea na mkuu, mimi ananiheshimu,
nitawaeleza wenzangu ninyi ni watu wa namna gani…
Žaneta, aliyekuwa akimenya viazi, hakuinua macho.
"Midomo tunayo," akasema.
"Wewe una upawa."

Mpango wao ulikuwa mfupi kuliko hotuba yangu:
Jumanne watoto wote wataingia kengele ya kwanza.
Mimi nimpakulie aliye mbele yangu.
Basi.

Usiku nikahesabu watu. Nani mwingine?
Ctibor, muosha vyombo, huchekea vichekesho vya mkuu.
Mwalimu wa hesabu hutazama dirishani.
Niko peke yangu, nikasema, nikavuta blanketi.
Sikujua kwamba Ctibor naye, chumbani kwake,
alikuwa akinihesabu mimi, na kila akinifikia
ananikuta nacheka.
Hofu ina hila hiyo: humpa kila mtu chumba chake,
kisha humnong'oneza kwamba nyumba ni tupu.

Jumanne. Kengele. Makoti yakavuliwa.
Renátka wa kwanza, trei imemfika kidevuni.
"Funga kidirisha," mkuu akasema nyuma yangu
kwa sauti ya chini, ya kirafiki, kana kwamba ananiokoa.
Ningependa kuandika kwamba sikusita.
Nilisita. Supu ilidondoka kutoka upawani,
tone, tone, nikaona mkopo wa nyumba,
nikauona mlango wa nyuma, ambao ufunguo wake ninao mimi
na Renátka hana.
Nikapakua.
Mkuu akakivuta kidirisha mwenyewe, kikakataa:
Ctibor alikuwa amekiegemea kwa bega lililolowa povu.
Hatukutazamana.
Mwalimu wa hesabu akaenda kuleta viti.

Ijumaa tukapewa barua za kusimamishwa kazi, mimi na Ctibor.
Kengele ya pili ingali inalia; wamesema watalijadili mwezi Machi.
Nikashuka bondeni na barua yangu mkononi,
na, niungame, usoni nikiwa nimeacha nafasi
ya kupokea asante.
Margita akaisoma mara mbili. Akaibandika ukutani
pamoja na nyingine: za kuhamishwa, za kunyimwa, za kubomolewa,
zilizogeuka njano kabla sijaajiriwa.
Yangu ilikuwa nyeupe mno pale.

"Alhamisi tunakutana," akasema. "Watu wameongezeka.
Njoo na viti."