Kizazi cha Elfu Nne

Raili hakuichora saketi hii.
Aliandika swali, akabonyeza kitufe,
akavaa koti, akaenda zake kulala;
na nje, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.

Swali lenyewe: ukanda wa shingo ya kulungu wa theluji,
betri moja, kubwa kama kifungo cha shati,
idumu msimu mzima,
na kila saa iseme mara moja: nipo hapa.

Usiku kucha mashine ikazaa.
Mia wakazaliwa, themanini wakafutwa,
waliosalia wakachanganya damu nusu kwa nusu,
kila mtoto akapimwa kwenye bodi iliyowekwa dirishani,
maana mezani hapakuwa na nafasi,
na kosa dogo likapita kati yao kama chumvi mchuzini.

Asubuhi mshindi alikuwa mzoga.
Hakutumia umeme hata chembe,
kwa kuwa hakuamka kamwe.
Alama zake: mia kwa mia.
Raili akacheka hadi kahawa ikamwagika.
"Nilikuambia usile. Nilisahau kukuambia uishi."

Akaongeza mstari mmoja. Akabonyeza tena.

Februari, kizazi cha elfu nne na kumi na mbili,
akaja mmoja asiyeeleweka:
njia zinazojizunguka, kona mbili zisizo na kazi
ambazo ukizikata, anakufa.
Niillas, mfugaji wa Utsjoki, akamgeuza kiganjani.
"Nani kamtengeneza?"
"Hakuna. Tumemchagua tu."
"Basi ni kama kulungu wangu," akasema,
akamtia mfukoni.

Aprili, barafu ikipasuka mtoni,
mikanda ikanyamaza mmoja baada ya mwingine.
Kulungu wazima, wanakula.
Raili akaishika saketi kwa vidole vya moto: kimya.
Akaitia kwenye friza,
kati ya mkate wa shayiri na mfuko wa matunda mwitu,
akasimama jikoni na soksi moja.

Robo saa. Kisha, kutoka gizani:
nipo hapa.

Kwetu tungesema, umleavyo ndivyo akuavyo.
Yeye alisema neno fupi la Kifini
lisiloandikika,
akaibeba bodi hadi chumba cha sauna,
akawasha kuni,
na mia wapya, wajinga kabisa,
wakaanza kujifunza jasho.