Taarifa ya Benki

Vyuo vya Ohio nimevijua kwa wino,
mimi Kwamboka wa fotokopi, soko la Toi,
shilingi kumi ukurasa, ya rangi hamsini.
Barongo aliomba vyuo kumi na kimoja.
Tisa vikasema pole, kimoja kikanyamaza.
Cha mwisho kikasema karibu,
ila utuonyeshe kwanza fedha za baba.

Baba anauza mitumba, vibanda vitatu kutoka hapa.
Basi chama chetu kikamwaga akiba yote
akauntini mwake. Ikalala humo usiku mmoja
kama mgeni asiyefungua begi.
Asubuhi benki ikagonga muhuri;
kufika saa sita, kila mtu keshachukua chake.

Nimetoa nakala nne.
Ya tano nimebaki nayo:
kwa maandishi, kwa muhuri,
Toi tuliwahi kuwa na pesa.