Kwa Nini Puli

Jikoni kwangu, nje kidogo ya Karcag,
kila anayekuja kununua mbwa nampa kahawa
na swali moja: kwa nini puli?
Mambo ya bei ataniuliza yeye.

Puli, kama hujamwona, ni mbwa mweusi wa kuchungia kondoo,
manyoya yamejisokota kamba kamba hadi chini,
tambara la kudekia lililoota miguu.
Ukimwogesha Jumamosi, Jumatatu bado anachuruzika.
Ukimwita, kwanza ubahatishe kichwa kiko upande upi.
Basi mtu mwenye akili timamu, mwenye zulia nyumbani,
kwa nini?

"Ana akili," alisema Ödön, dereva wa treni mstaafu.
(Hujibu hivyo wote. Hajakaa mtu kwenye kiti kile
akaniambia anatafuta mbwa mjinga.)
Nikamwongeza kahawa. Akakoroga, na sukari hakutia.
"Halafu habweki ovyo." Hapo nikacheka,
na huko uani mbwa wangu wote saba wakamsuta.
Ndipo akatoa picha mfukoni: mtoto wa miaka sita,
magoti vumbi tupu, na kando yake kitu cheusi
kama gunia la mkaa linalotoa ulimi.
"Bodri," akasema. "Tulihamia Miskolc, ghorofa ya nane.
Baba alisema kampa mtu wa shamba.
Shamba gani, hakusema.
Miaka thelathini na nane nimeendesha treni,
sijapita shamba bila kutazama."

Zsombor na mkewe Lilla walitoka Budapest na daftari.
Kilo, umri wa kuishi, maradhi ya nyonga, gharama za chakula;
walilinganisha mbwa wa aina kumi na moja
kama watu wanaonunua friji.
Puli alikuwa wa nne.
Kimbwa kimoja kikakojolea kiatu cha Lilla,
kikalala palepale, juu ya kiatu, kikakoroma.
Hakuna aliyethubutu kusogeza mguu.
Daftari walilisahau mezani. Ninalo mpaka leo,
naandikia madeni ya mayai.

Yupo aliyenishinda.
Ibolya, koti limefungwa hadi shingoni, mwezi wa sita.
Kahawa hakuigusa. Alitazama uani muda mrefu.
"Huwezi kujua anaangalia wapi," akasema.
Nikamwambia ni manyoya, yanafunika macho,
lakini wenyewe wanaona vizuri.
"Waone tu. Mimi nisijue."
Saa ya ukutani ikaendelea na kazi yake.
"Nimetazamwa miaka kumi na tisa.
Nikichelewa dukani. Nikicheka na simu.
Sasa amekwenda, na nyumba ni kimya mno.
Nataka pumzi nyingine mle ndani,
pumzi tu."
Nilimpa jike, kitinda mimba, mwenye wayo mmoja mweupe
ambao waamuzi wa maonyesho hawaupendi.
Nilitoza pesa ya chanjo. Akahesabu mara mbili,
akafungua kifungo cha juu cha koti,
kimbwa kikaingia.

Miaka ishirini na sita nimefuga, na ninachojua ni hiki:
mtu huchagua kwanza. Sababu huja nyuma,
inahema, imechelewa,
ilisimama mahali kunusa nguzo.
Wengi wakifika kwangu bado haijawafikia.
Kahawa ni ya kuisubiri.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Bence,
miaka tisa, maswali elfu,
alikaa kwenye kiti kile, miguu haifiki sakafuni.
"Na wewe, bibi? Kwa nini puli?"

"Ana akili," nikasema.

Hakusema neno.
Akakisukuma kikombe changu
taratibu, kwa kidole kimoja,
hadi kikagusa mkono wangu.